Siku nzima baharini na mbogi yako: meli kubwa ya kruzi ama jahazi la Pwani?

Desemba ikikaribia ni story ileile kila mwaka. Chama kimegawana pesa, mtu anarusha picha ya meli ya kruzi kwa grupu ya WhatsApp, ghorofa kumi na kitu na bwawa la kuogelea huko juu, mwingine anamjibu na picha ya jahazi limetulia kisiwa cha Wasini na samaki kwa makaa, na kutoka hapo ni kubishana hadi usiku na hakuna kitu kinaamuliwa. Sasa acha tuziweke hizi mbili kando kwa kando, tukiangalia na macho ya mtu wa Nairobi, yaani mtu ambaye bahari iko mbali karibu kilomita 480, likizo lazima aombe kwa bosi, na ana marafiki ambao wawili kati yao watasema "niko ndani" halafu siku ya kulipa simu haishikiki.

Upande wangu nausema mapema. Kwa mbogi ya watu kama wanane ama kumi ambao wanataka kweli kukaa pamoja, jahazi linashinda, tena mbali. Lakini kama umechoka mpaka hutaki kuongea na mtu, hutaki kuamua utakula nini, hutaki hata kujua leo ni siku gani, hapo meli iko na kitu ambacho jahazi haliwezi kukupa. Watu hukimbilia kuuliza bei, na bei ni muhimu sana, lakini swali la kwanza lingekuwa hili: nyinyi mnaenda kuonana ama mnaenda kupumzika? Kuna mbogi ambazo zikikutana ni kelele mpaka asubuhi, hizo zikienda mahali pa kupumzika hazipumziki ng'o.

Tuanze na meli kwa sababu ndiyo watu wengi hawaijui vizuri, wanaijua ya kwa sinema. Safari ya kruzi huwa na siku za kutia nanga bandarini na siku za baharini. Siku ya baharini meli haiendi popote pa kushuka, inakata maji tu kutoka asubuhi hadi usiku na wewe uko ndani. Hakuna kuamshwa saa kumi na moja eti gari la watalii linaondoka. Unaamka ukitaka, bufee iko wazi, unakula mayai, unarudi unakula tena matunda, unajilaza kando ya bwawa, jioni kuna shoo, kuna muziki, kuna spaa kama uko na pesa za kuchezea. Kasino na maduka yasiyo na ushuru huwa yamefungwa meli ikiwa bandarini, kwa hivyo siku ya baharini ndiyo siku yao ya kuvuna, utasikia matangazo ya saa za bei nafuu na mikufu mpaka uchoke.

Sasa hapa ndipo watu hudanganyika. Wanafikiria siku ya baharini ni utulivu tu, lakini siku hiyo ndiyo kila abiria yuko ndani ya meli kwa wakati mmoja, hakuna aliyeshuka kutembea mjini. Fika kwa bwawa saa tatu asubuhi uone. Viti vyote vimewekwa taulo, juu ya taulo kuna ndara moja ama chupa ya mafuta ya jua, na mwenyewe hayuko, amelala zake kabini ama yuko kwa chai. Kupata kiti kimoja ni bahati, kupata viti sita pamoja vya mbogi yako sahau. Meli kubwa zaidi za siku hizi zinabeba watu kama mtaa mzima, ile Icon of the Seas iliyoanza kazi Januari 2024 inaweza kuchukua abiria karibu 7,600, na hapo hujahesabu wafanyakazi. Wanaojua meli hawahangaiki na bwawa, wanaenda kwa ile sitaha ya chini inayozunguka meli, penye kivuli, upande ambao upepo haupigi, unakuta viti viko tupu na unasikia maji yenyewe. Hiyo ndiyo siku ya baharini niliyokuwa nakuambia.

Halafu mnapotezana. Hii hakuna mtu huisema kwa brosha. Mmoja yuko jimu, mwingine amelala, wawili wako kwa maji moto, mwingine ameenda kuangalia watu wakicheza bingo, na simu haishiki kitu kwa sababu mko katikati ya bahari na waifai ya meli ni ya kununua. Na hapa kuwa makini sana: meli huwa na mtandao wake wa simu wa satelaiti, laini yako ikijiunga yenyewe utakuja kushtuka na bili, kwa hivyo simu iwekwe hali ya ndege tangu meli inapotoka bandarini, uwashe waifai peke yake ukiwa umelipia. Dawa ya kupotezana ni ya kizamani, mnapatana mahali na saa: saa saba mchana, meza za nyuma kabisa za bufee, upande wa kushoto, atakayekosa tunakula bila yeye. Na kwa chakula cha jioni chagueni saa maalum na meza moja ya pamoja wakati wa kubuku, kwa sababu mkichagua ile ya kula saa yoyote hamtaonana tena mpaka siku ya kushuka.

Jahazi ni kinyume cha hayo yote, hamna pa kukimbilia. Mko watu kumi kwa mbao za mita chache, mito ya kuegemea imepangwa kwa kingo, turubai juu, nahodha kwa usukani na vijana wake wawili watatu. Mtu akicheka mbele wa nyuma anajua amecheka nini. Kama kuna wawili kwa hiyo mbogi hawajaongea tangu ile story ya mkopo, hiyo siku wataongea ama watakaa wakiangalia maji masaa sita, na kusema ukweli nimeona zote mbili zikitokea.

Chukua mfano wa Shimoni na Wasini, kusini kabisa karibu na mpaka wa Tanzania. Unatoka gatini Shimoni kama saa tatu asubuhi, jahazi linaelekea hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti ambayo iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori, na njiani ndiyo saa ya pomboo. Nahodha hapigi kelele, anapunguza injini tu na kuelekeza kidevu upande fulani, ukiangalia unaona mgongo, halafu miwili, halafu wako watano wanapita chini ya jahazi kama hawana haraka. Usishangae simu ikikukaribisha Tanzania, uko karibu hivyo. Mkifika Kisite mnavaa miwani ya kuogelea mnaingia majini kuona matumbawe na samaki, asiyejua kuogelea anavaa jaketi la kuokolea na kushika kamba ama boya, kijana wa jahazi anamvuta polepole, na mara nyingi huyo ndiye anatoka akiwa na furaha kuliko wote. Kisha Wasini kula. Unaletewa kaa mzima kwa sahani, kibao na kigongo cha mti, unampasua mwenyewe, maji yanaruka mpaka kwa shati la jirani, unamkamulia ndimu na pilipili, wali wa nazi uko kando, samaki wa kuchoma, mwani uliopikwa. Hakuna anayekula kaa huku akiangalia simu, haiwezekani, mikono yote iko kazini. Mkishiba mnatembea kijijini kwa miguu kwa sababu kisiwa hakina magari, kuna njia ya mbao inayopita juu ya matumbawe ya zamani na mikoko, inasimamiwa na akina mama wa hapo, kiingilio ni kidogo na pesa inabaki kijijini.

Kurudi, upepo ukiwa mzuri wanazima injini na kupandisha tanga. Mwambieni nahodha tangu asubuhi kwamba hiyo ndiyo mnaitaka, kwa sababu majahazi mengi ya siku hizi yana injini na wengine wataitumia mwanzo mwisho mkinyamaza.

Ubaya wa jahazi nao upo, tusijifanye. Choo ni cha kubahatisha, mengine yana kibanda kidogo nyuma na mengine hayana kabisa, kwa hivyo hili swali liulizwe kabla ya kulipa, hasa kama mko na akina dada ama mzee. Jua la kule halina huruma hata chini ya turubai kwa sababu linarudi kutoka kwa maji. Na hakuna kusema umechoka unaenda kulala kabini, kabini ni ile leso yako na kona uliyoipata.

Sasa pesa.

Kwa meli, jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba bei unayoiona kwa tangazo ni ya mtu mmoja akilala na mwenzake kwa kabini moja. Ukienda peke yako kwa kabini utalipia pengo la yule ambaye hayupo, mara nyingi karibu bei ya watu wawili. Kwa hivyo mbogi ya watu watano ni shida, ya sita ni sawa. Halafu juu ya hiyo bei kuna kodi na ada za bandari, kuna bakshishi ya wafanyakazi ambayo kampuni nyingi zinakukata zenyewe kila usiku, dola kumi na kitu kwa kila kichwa, kuna vinywaji ambavyo mara nyingi haviko kwa bei, soda ikiwemo, kuna waifai, na kama unataka kula kwa ule mgahawa wa nyama badala ya bufee ni pesa nyingine. Malipo yote ya ndani yanaingia kwa kadi ya meli unayopewa siku ya kwanza, hutoi noti, na hiyo ndiyo hatari yenyewe, unaguza kadi kama mchezo, siku ya mwisho unaletewa karatasi.

Na kabla ya hapo lazima ufike kwa meli. Kwa mtu wa Nairobi, njia rahisi kimakaratasi naona ni Durban. Kampuni ya meli ya MSC huwa inaleta meli huko msimu wa kiangazi cha kwao, kama Novemba hadi Machi ama Aprili, safari fupi za usiku tatu, nne, tano, nyingi zinaenda pwani ya Msumbiji kwa Portuguese Island ama Pomene na kurudi. Wakenya huingia Afrika Kusini bila viza tangu Januari 2023, hadi siku 90 kwa mwaka, ila cheti cha chanjo ya homa ya manjano wanakiulizia kweli kwa sababu unatoka Kenya, usikisahau nyumbani kwa droo. Pasipoti iwe na muda wa kutosha, nafasi wazi za muhuri, na kwa sababu meli inatoka nchi moja inaingia nyingine na kurudi, angalia masharti ya kila nchi iliyo kwa ratiba hata kama hutashuka. Kwa Dubai na miji ya Ghuba pia meli huwa zinakuja msimu huohuo lakini hapo viza ya Emirati inaingia kwa bajeti. Ulaya na zile za Karibi za Marekani, manze, mbogi ya watu sita wote wapate viza kwa wakati mmoja? Ombeni mungu.

Na usifike siku ileile ya meli kung'oa nanga. Ndege ikichelewa Johannesburg meli haikungojei, inaondoka. Kwa hivyo ongeza usiku mmoja wa hoteli Durban.

Jahazi hesabu yake ni ya kueleweka. Treni ya SGR kutoka Syokimau hadi Miritini, Mombasa, ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza, hizi ni bei zilizoanza Januari 2024, halafu gari ya kwenda Diani, mji wa ufuoni kabla ya Shimoni, malazi usiku mmoja ama mbili, na jahazi lenyewe ambalo mkiwa kumi mkagawana linakuwa la kawaida sana. Mara nyingi bei ya siku huwa imeshika chakula na vifaa vya kuzamia, lakini ada ya KWS wengine wanaihesabu kando, na siku hizi inalipwa kwa eCitizen, kwa hivyo uliza wazi: ada ya hifadhi iko ndani ama iko nje? Bei ya mwenye kitambulisho cha Kenya iko chini sana kuliko ya mgeni wa nje, kila mtu abebe kitambulisho chake, usiseme "niko na picha yake kwa simu".

Ujanja mmoja wa usafiri: ukishuka Miritini siku hizi si lazima uingie mjini na kupanga foleni ya feri ya Likoni, barabara ya Dongo Kundu inakutoa upande wa kusini moja kwa moja. Na treni ya usiku inayotoka Nairobi saa nne usiku inakufikisha alfajiri mbichi, watu hufikiria watashuka waunganishe hadi Shimoni wapande jahazi hiyohiyo asubuhi. Inawezekana. Lakini hujalala, tumbo liko na chipsi za jana, halafu uende kwa mawimbi... lala Diani kwanza.

Hapo tumefika kwa kulewa bahari, na hii inaamua mambo kuliko pesa. Meli kubwa ina mabawa chini ya maji ya kuizuia isiyumbe sana, siku nyingi utasahau kama uko majini, isipokuwa bahari ikichafuka kweli, na hata hapo kabini ya katikati na ya ghorofa za chini haichezi kama ya mbele ama ya juu. Jahazi linacheza. Ndiyo raha yake na ndiyo shida yake. Mwenye tumbo jepesi ameze tembe nusu saa hadi saa moja kabla ya kupanda, si baada ya kuanza kutapika, ale kitu kidogo kikavu, atafune tangawizi, akae katikati karibu na mlingoti na aangalie mbali pale maji yanapokutana na mbingu. Asiinamie simu. Kama mko na mtu ambaye hutapika hata kwa matatu ya kuteremka Mai Mahiu, huyo mumfikirie kabla ya kupiga kura.

Msimu pia. Watu wa Pwani hawahesabu kwa kalenda ya ofisi, wanahesabu kwa upepo. Kaskazi, kama Desemba hadi Machi, bahari imetulia, maji ni safi unaona chini, joto ni la kuchoma. Kusi, kuanzia Aprili Mei mpaka Septemba hivi, upepo una nguvu, maji yanachafuka, mvua ndefu nazo ziko hapo mwanzoni, na mwezi wa tano hasa kazi nyingi za majahazi hupungua. Mtego ni kwamba nyangumi wa nundu hupita pwani yetu kati ya Julai na Septemba, yaani ukitaka kuwaona lazima ukubali bahari ya kusi. Ukiuliza mimi, katikati ya Oktoba hadi Machi ndiyo ya siku ya kupumzika, na ukikwepa wiki ya Krismasi utalala vizuri na tiketi ya treni utaipata.

Mkishakubaliana ni jahazi kuna swali la wapi, na hapa nitaenda haraka. Wasini nimeshaieleza, ndiyo iliyokamilika kwa siku moja, pomboo, kuogelea, chakula, kijiji. Watamu ni ya wavivu na nasema kwa upendo, hifadhi yake ya bahari ni ya 1968, yeye na Malindi ndizo za kwanza nchini, matumbawe yako karibu na ufuo kwa hivyo safari ni fupi, mnapanda boti ya sakafu ya kioo, maji yakipwa mnashuka kwa fungu la mchanga mnatembea, jioni mnaenda Mida Creek kuangalia jua likizama juu ya mikoko. Kwa anayeogopa maji marefu, Watamu. Mombasa yenyewe kuna majahazi ya chakula cha jioni yanayozunguka Tudor, taa na muziki wa taratibu, hiyo ni ya birthday ama ya watu wawili wanaopendana, si ya siku nzima.

Lamu ndiyo ya mtu anayependa tanga lenyewe. Kule jahazi na mashua bado ni usafiri na ni kazi, Matondoni bado wanayaunda kwa mkono, na nahodha wa Lamu hana haja ya kuwasha injini kukuonyesha upepo unafanya nini. Mnapatana naye jioni pale barabara ya gatini, asubuhi anakuja na mkaa na viazi na mchele, mnavua kwa mshipi mkielekea Manda, mkipata samaki ndiye huyo mchana, mkikosa yeye alishanunua mmoja sokoni kwa sababu anawajua watu wa Nairobi. Mkitaka kuona magofu ya Takwa mumwambie mapema, ule mkono wa bahari unaingilika vizuri maji yakiwa yamejaa, mkichelewa mtakwama kwa matope mkingoja yajae tena. Shida ya Lamu ni kufika. Ndege kutoka Wilson inatua Manda na unavuka kwa boti dakika chache, lakini si bei ya kila mtu, na basi ni safari ndefu sana yenye vizuizi vya usalama njiani, mpaka Mokowe, halafu boti. Kwa wikendi ya siku mbili haina maana. Kwa siku nne, tano, nenda Lamu ufunge mjadala.

Naivasha najua kuna mtu atataja. Boti nzuri, viboko wako, ni kilomita 90 tu, lakini hiyo ni ziwa, tuiache.

Pombe nayo ni swali la mbogi nyingi, kwa hivyo tuseme. Kwa meli baa ni nyingi na hakuna anayekuangalia, tatizo lako ni bili tu. Kwa jahazi inategemea na mwenyewe: wengine wanakubali mje na zenu, wengine hawataki hata kuona chupa kwa sababu ya dini yao na ni haki yao, chombo ni chao. Uliza kwa heshima kabla. Wasini na mji wa Lamu ni vijiji na miji ya Waislamu, mkishuka mvae, leso moja kiunoni na shati vinatosha, na ukimkuta mzee barazani shikamoo haigharimu kitu. Na chupa za plastiki za maji muache hotelini, plastiki za kutumia mara moja zilipigwa marufuku kwa hifadhi na fuo tangu Juni 2020, beba chupa ya kujaza.

Usalama sasa, na hapa siwezi kucheka. Kwa meli siku ya kwanza kuna mazoezi ya lazima ya dharura, unaonyeshwa jaketi liko wapi na unakimbilia wapi king'ora kikilia, mkienda mbogi mzima mhudhurie na msikilize, baada ya ajali ya meli ya Costa Concordia huko Italia mwaka wa 2012 ambapo watu 32 walikufa hakuna anayepaswa kuona hiyo ni kupotezewa muda. Sisi huku hatuhitaji mfano wa Italia, tuna Mtongwe, Mombasa, feri ilipinduka tarehe 29 Aprili 1994 watu 272 wakafa, karibu kabisa na nchi kavu, na ilikuwa imejaza. Kwa hivyo kwa jahazi mhesabu jaketi kabla hamjapanda, ziwe sawa na vichwa, na za watoto kama kuna watoto, msiambiwe "ziko chini ya mbao". Mkiona watu wanaendelea kuongezwa baada ya viti kujaa, shukeni. Uliza pia kama chombo kimekaguliwa, kuna cheti cha Mamlaka ya Usafiri wa Majini na mwenye chombo safi atakuonyesha bila kukasirika. Na kama nahodha mwenyewe amesema leo hatuendi, bahari si nzuri, msimpigie kelele za pesa yenu, anaijua kuliko app ya hali ya hewa ya simu yako.

Basi nani aende wapi. Mko wawili ama wanne, mnafanya kazi za kuwamaliza akili, mna pasipoti na mmeweka akiba mwaka mzima: meli, kabini mbili, safari yenye angalau siku moja kamili ya baharini kwa sababu zile za usiku mbili zinaisha kabla hujajua lifti iko wapi. Mko na wazazi ama mtu asiyepanda ngazi vizuri, meli tena, ina lifti, ina daktari, ina vyoo kila kona. Mko kumi na mmoja wenu anaolewa mwezi ujao, jahazi, Wasini. Mko kumi na pesa zimechangwa kwa M-Pesa na bado kuna wawili hawajatuma, jahazi pia, kwa sababu mtu akihepa dakika ya mwisho mliobaki mnaongeza kidogo tu, lakini akihepa wa kabini ya meli mwenzake ndiye anabebeshwa mzigo.

Kuhusu kutuma pesa, kampuni za meli zina tarehe yao ya kumaliza kulipa, miezi miwili mitatu kabla, na ukighairi baada ya hapo unapoteza nyingi ama zote, kwa hivyo mweka hazina wenu aiweke tarehe yenu mwezi mmoja kabla ya hiyo. Jahazi mara nyingi ni amana kidogo na salio mnalipa asubuhi mkiona chombo. Anayetaka zote kwa simu wiki tatu kabla, hamjamuona, hamjaona chombo, na akiulizwa jina la jahazi anabadilisha story, tafuteni mwingine, gati la Shimoni lina manahodha wa kutosha.